Kurekodi Kwenye Kaseti kwa Deki ya Nyumbani: Hatua kwa Hatua

Maswali yanayonifikia kuhusu kaseti ni yale yale. Kijana amerithi deki ya mzee wake, ameiunganisha na simu, amerekodi nyimbo, na sauti imetoka inakwaruza. Mwingine anasema kitufe cha kurekodi hakibonyezeki kabisa. Mwingine amerekodi vizuri, lakini nyuma ya wimbo mpya bado anasikia mawaidha yaliyokuwemo zamani. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata ukiwa umekaa mbele ya mashine yako.

Shika jambo moja tangu mwanzo: ubora wa kaseti yako huamuliwa kabla hujabonyeza REC. Hedi safi (hedi ni kile kipande cha chuma kinachorekodi na kusoma utepe), kaseti nzima na kiwango cha sauti kilichopimwa vizuri vitakupa sauti ya kupendeza hata kwa deki ya bei ya chini. Deki ya bei kubwa yenye hedi chafu itakutolea sauti iliyozibwa, na utailaumu kaseti bure.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Deki ya kaseti, au redio kaseti, yenye kitufe cha REC. Hakikisha kwa macho. Mashine nyingi ndogo za kutembea nazo, na karibu redio zote za magari, zinapiga tu, hazirekodi.
- Chanzo cha sauti: simu, kompyuta, CD, redio, au santuri.
- Waya wa kuunganisha. Kwa simu au kompyuta, ni ule wenye pini ndogo ya hedifoni upande mmoja, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Simu isiyo na tundu la hedifoni itahitaji adapta yake.
- Kaseti tupu, au kaseti ya zamani ambayo una hakika haihitajiki tena.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na vijiti vya pamba. Mafundi simu wanayo kila siku, muulize aliye karibu nawe anainunua wapi. Usitumie petroli, tina wala mafuta ya taa.
- Hedifoni za waya, kama deki ina tundu lake.
- Kalamu ya Bic yenye pembe sita. Inaingia sawasawa kwenye tundu la kaseti, na utaihitaji kukaza utepe.

Umeme kwanza

Deki nyingi zinazouzwa mitumba zimetoka Japani, na umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100. Wetu ni kati ya 230 na 240. Ukichomeka mashine ya Japani moja kwa moja ukutani hapa kwetu utasikia mlio mfupi, halafu harufu ya kuungua, na hapo transfoma ya ndani imekwisha. Za Marekani nazo ni volti 120. Geuza deki usome kibandiko cha nyuma kabla ya jambo lolote. Kikisema 220, 230 au 240, chomeka. Kikisema 100 au 120, nunua transfoma ya kushusha umeme inayolingana nacho. Baadhi ya mashine zina swichi ya kuchagua volti nyuma. Igeuze swichi hiyo mashine ikiwa imechomolewa, kisha usome tena.

Hatua

1. Isikilize mashine ikipiga kabla ya kuiambia irekodi.

Weka kaseti unayoifahamu, lakini isiwe ile unayoipenda kuliko zote, maana deki iliyolala miaka mingi huweza kula utepe. Sikiliza dakika chache. Je, mwendo umetulia, au sauti ya mwimbaji inayumba? Spika zote mbili zinatoa sauti? Jaribu kupeleka mbele na kurudisha nyuma mpaka mwisho. Mashine isiyopiga vizuri haiwezi kurekodi vizuri, kwa hiyo kama kuna tatizo hapa, nenda kwanza kwenye sehemu ya matatizo huko chini.

2. Safisha njia ya utepe.

Fungua mlango wa kaseti. Deki nyingi zina kifuniko cha plastiki kinachochomoka kwa kukivuta juu, nacho kikitoka unapata nafasi ya kutosha. Utaona vitu vitatu ambavyo utepe hupita juu yake. Cha kwanza ni hedi, vile vipande vya chuma vinavyong'aa: kimoja cha kufuta, na kimoja au viwili vya kurekodi na kusoma. Cha pili ni kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka. Cha tatu ni roli ya mpira inayoubana utepe kwenye kijiti hicho.

Lowesha kijiti cha pamba kidogo, kisidondoshe, ufute hedi kwa kwenda na kurudi. Kwenye mashine iliyokaa, pamba itatoka na rangi ya kahawia kama kutu. Hiyo ni unga wa sumaku uliobanduka kutoka kwenye kaseti za zamani. Chukua pamba nyingine, endelea mpaka itoke nyeupe. Kwa kijiti cha chuma na roli, bonyeza PLAY bila kaseti, ukiweza, ili vizunguke wakati unavifuta. Roli ikiwa inang'aa kama kioo na utando mweusi hautoki, au mpira umepasuka, itabidi ibadilishwe.

Subiri dakika kadhaa pakauke. Fanya usafi huu kila baada ya kaseti chache, na kila mara ukitoka kupiga kaseti chafu au ya zamani sana.

3. Chagua kaseti.

Namba baada ya herufi C ni jumla ya dakika za pande zote mbili. C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45, C120 ni 60. Ushauri wangu kwa anayeanza ni C60. C90 ni nzuri pia. C120 iache: ili utepe mrefu hivyo utoshe kwenye kasha lile lile umefanywa mwembamba mno, nao hunyooka, hukunjana na kuliwa na mashine kirahisi.

Halafu kuna aina. Aina I ndiyo ya kawaida, na karibu kaseti zote mpya zinazotengenezwa leo ni za aina hii. TDK D na Maxell UR ni mifano ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani. Aina II, inayoandikwa CrO2 au HIGH, ina shshsh, yaani ule mvumo wa utepe wenyewe, ndogo kuliko aina I. TDK SA na Maxell XL II ziko humo. Aina IV ni ya metali, na deki isiyoandikwa METAL haitaweza kuirekodi wala kuifuta ipasavyo. Anza na aina I. Kazi yote iliyo kwenye mwongozo huu inafanyika juu yake.

Ukipata kaseti iliyotumika, itazame dhidi ya mwanga. Utepe uwe umekazwa sawa, hauna mawimbi pembeni, hauna utando mweupe wa ukungu. Sisi wa Pwani ukungu huu tunaujua, unyevu wetu unaupenda. Kaseti yenye ukungu usiiweke kwenye deki yako, itachafua hedi na kupeleka uchafu kwenye kaseti nyingine. Angalia pia kile kipande kidogo cha sponji au kitambaa kilicho katikati, nyuma ya utepe. Ndicho kinachoubana utepe kwenye hedi. Kikiwa kimeanguka, kaseti itatoa sauti inayokuja na kupotea.

Na hapa nataka unisikilize vizuri. Kabla ya kufuta kaseti yoyote ya nyumbani, isikilize yote, pande zote mbili. Usiamini lebo. Kwenye familia zetu kaseti moja ilitumika mara nyingi: imeandikwa taarab, ndani kuna bibi akisimulia, au harusi ya shangazi, au salamu za ndugu aliyekuwa ughaibuni, maana wengi walitumiana kaseti badala ya barua. Kuna pia matangazo ya redio na nyimbo za bendi zilizorekodiwa studio za redio na hazikuwahi kutolewa kwenye santuri. Nakala iliyo kwenye kabati lako yaweza kuwa miongoni mwa chache zilizosalia. Muziki unaopatikana kwenye simu usiufutie sauti ya mtu aliyekwisha tangulia. Nunua kaseti nyingine.

4. Angalia vidole vya ulinzi.

Juu ya kaseti, kwenye pembe mbili za mgongoni, kuna vidole viwili vya plastiki. Kikivunjwa, mashine haiwezi kurekodi upande husika. Kaseti zinazouzwa zikiwa na muziki tayari huwa hazina vidole hivyo. Ukitaka kurekodi juu yake, ziba tundu kwa kipande cha selotepu. Kwenye kaseti ya aina II, ziba tundu la pembeni tu. Tundu la pili lililo jirani nalo ndilo linaloijulisha deki aina ya kaseti, na ukiliziba deki itakosea.

5. Kaza utepe.

Ingiza kalamu kwenye tundu moja, zungusha mpaka utepe uliolegea usionekane tena. Kama kaseti ni mpya au imekaa muda mrefu, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe nyuma yote. Hii huulainisha utepe uliokamatana, na mwendo unatulia.

6. Unganisha waya.

Zima mashine zote kwanza. Kanuni ni fupi: sauti inatoka OUT, inaingia IN.

Kwa simu au kompyuta: pini ndogo kwenye tundu la hedifoni, pini nyekundu na nyeupe kwenye LINE IN au REC IN nyuma ya deki. Nyekundu ni kulia. Kwa kifaa cha CD: LINE OUT yake kwenda LINE IN ya deki. Kama una amplifaya, chukua waya kutoka TAPE OUT au REC OUT ya amplifaya uingize LINE IN ya deki, halafu waya wa pili kutoka LINE OUT ya deki urudi TAPE IN ya amplifaya, ili usikilize ulichorekodi.

Makosa matatu ninayoyaona sana hapa:

- Kutoa sauti kwenye matundu ya spika ya amplifaya na kuiingiza LINE IN. Nguvu yake ni kubwa kupita kiasi na inaweza kuunguza deki. Usithubutu.
- Kuchomeka santuri moja kwa moja kwenye deki. Sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu mno na haina besi. Lazima ipite kwanza kwenye tundu la PHONO la amplifaya, isipokuwa kama mashine yenyewe ya santuri ina kikuza sauti ndani.
- Kuzungusha kitasa cha VOLUME cha amplifaya ili sauti ya kurekodi iongezeke. Kitasa hicho hakigusi kinachokwenda TAPE OUT. Unaweza kunyamazisha spika kabisa na kaseti ikajaa sauti kama kawaida.

Kama una sistimu ya kipande kimoja, yenye redio, CD na kaseti pamoja, kila kitu kimeunganishwa ndani. Chagua chanzo tu.

7. Panga swichi.

Swichi ya TAPE iweke NORMAL kwa kaseti ya aina I. Deki za baadaye hujua zenyewe kwa kusoma matundu ya kaseti.

Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza shshsh, huleta mkanganyiko, lakini kanuni yake ni moja: ukirekodi nayo, ipigie nayo, na iwe herufi ile ile. Dolby B hupunguza shshsh kwa desibeli 10 hivi, Dolby C kwa 20 hivi. Kaseti iliyorekodiwa kwa B ikipigwa kwenye redio kaseti isiyo na Dolby itasikika yenye makali kidogo, inavumilika. Ya C itasikika vibaya. Kama kaseti utamgawia rafiki au utaisikiliza kwenye gari la zamani, zima Dolby kabisa, uishi na shshsh kidogo.

Kwenye simu: iweke hali ya ndege, zima ekwalaiza na nyongeza zote za besi, na pakua nyimbo mapema usitegemee bando katikati ya kazi. Simu inayotafuta mtandao karibu na waya hutia mlio wa "titititi" kwenye kaseti, na mlio huo hautoki tena.

8. Pima kiwango cha sauti.

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wana haraka. Tulia.

Bonyeza PAUSE kwanza, kisha REC pamoja na PLAY. Deki sasa iko tayari, utepe hauendi, lakini mishale au taa za kipimo zinacheza kufuata sauti. Kwenye deki nyingine REC peke yake inakufikisha hapo.

Weka sauti ya simu karibu na juu kabisa, tuseme robo tatu au zaidi kidogo. Kisha piga sehemu ya wimbo yenye kishindo kikubwa kuliko zote. Usipime kwa mwanzo. Wimbo wa dansi huanza taratibu, gitaa na mwimbaji tu, halafu katikati unaingia kwenye chemko: tarumbeta zote, ngoma, waimbaji wote kwa pamoja. Ukipima kwa mashairi ya mwanzo, chemko itapasuka. Peleka wimbo mpaka kwenye chemko, na hapo ndipo ugeuze kitasa cha REC LEVEL.

Kwa kaseti ya aina I, acha vilele vya sauti vifike 0, na vikigusa +3 mara mojamoja si neno. Kama deki yako ina mishale na siyo taa, weka tahadhari zaidi, kwa sababu mshale ni mzito, hauwahi pigo la ghafla. Pigo la kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, au la fimbo kwenye ngoma huwa limeshapita kabla mshale haujapanda. Acha mshale uchezee chini ya 0 kwa sehemu kubwa ya wimbo.

Kwa nini tusiweke chini tu tuwe salama? Kwa sababu utepe una shshsh yake wenyewe, haipungui. Sauti ikiwa ndogo utalazimika kuongeza volume wakati wa kusikiliza, na shshsh itapanda pamoja nayo. Ikiwa kubwa mno, utepe unajaa: kwanza zinakufa sauti nyembamba, matoazi na herufi za "s" zinakuwa butu, halafu sauti nzima inakwaruza. Unatafuta nafasi iliyo katikati ya hayo mawili, na ni nyembamba kuliko watu waliozoea simu wanavyodhani.

Hakikisha pia kulia na kushoto vinalingana. Kitasa cha BALANCE, au sehemu ya pili ya kitasa cha REC LEVEL, ndicho kinachorekebisha.

Redio kaseti nyingi hazina REC LEVEL. Zinajipimia zenyewe: sauti ikiwa ndogo zinaiongeza, ikiwa kubwa zinaibana. Hapo kipimo chako ni sauti ya simu tu. Anza na nusu, rekodi nusu dakika, sikiliza, panda au shuka. Ukiingiza sauti kubwa kupita kiasi itakwaruza kabla hata ya mashine kuibana.

9. Rekodi jaribio.

Rekodi dakika moja ya ile sehemu nzito. Rudisha, sikiliza kwa hedifoni. Linganisha na wimbo wenyewe kwenye simu. Sikiliza matoazi na herufi "s" kwanza, ndizo zinazoharibika mapema. Rekebisha, rudia. Ukipata kiwango kizuri, andika alama ya kitasa kwenye karatasi, itakuokolea muda siku nyingine.

10. Panga nyimbo kwa dakika.

Jumlisha urefu wa nyimbo za kila upande. Upande wa dakika 30 kwa kawaida huwa na ziada kidogo, lakini usiitegemee. Acha nafasi ya sekunde nne hivi kati ya wimbo na wimbo; deki zenye kitufe cha kurukia wimbo unaofuata hutafuta ukimya huo. Taarab za zamani ni ndefu, moja yaweza kuchukua robo saa, kwa hiyo panga zenye urefu kwanza, kisha jaza na fupi. Wimbo uliokatika ubeti wa mwisho kwa sababu kaseti imeisha unaudhi kila ukiusikia, na hakuna njia ya kuurefusha utepe.

11. Vuka kipande kisichorekodi.

Mwanzoni mwa kila upande kuna kipande cha plastiki kisicho na unga wa sumaku, hakishiki sauti. Ni cha sekunde tano hivi. Zungusha kwa kalamu mpaka utepe wa kahawia au mweusi ufike katikati ya uwazi wa kaseti. Asiyefanya hivi hupoteza maneno ya kwanza ya wimbo wa kwanza, halafu huja kuuliza kwa nini.

12. Rekodi.

Weka kihesabu namba kwenye 000. PAUSE, REC na PLAY. Ondoa PAUSE, hesabu mpaka tatu, kisha anzisha wimbo. Deki ikiwa na kitufe cha REC MUTE, kitumie kuacha ukimya kati ya nyimbo. La sivyo, acha utepe uende huku wimbo umesimama. Usiguse REC LEVEL katikati ya wimbo. Kama wimbo unaofuata ni wa sauti ndogo zaidi, rekebisha katika ukimya wa katikati.

Kaa karibu. Umeme ukikatika wakati deki ya vitufe vizito inarekodi, roli inabaki imeubana utepe, na ikikaa hivyo usiku kucha mpira unabonyea na utepe unapata kovu. Umeme ukienda, bonyeza STOP hapo hapo.

Upande A ukiisha, geuza, vuka tena kipande kisichorekodi, endelea na upande B.

13. Linda na uandike.

Sikiliza kaseti yote mara moja. Ukiridhika, shika kaseti upande A ukikutazama na utepe ukiwa chini. Kidole kilichoko juu kushoto ndicho kinacholinda upande A. Kivunje kwa ncha ya kisu, kwa kukielekeza nje ili kisidondokee ndani. Geuza, fanya vivyo hivyo kwa upande B. Andika tarehe, majina ya nyimbo, na kama ulitumia Dolby ipi. Andika sasa hivi, si kesho.

Ukirekodi kutoka redioni

Hatua ni zile zile, ila washa MPX FILTER kama deki inayo na unatumia Dolby. Matangazo ya FM ya stirio hubeba mlio mwembamba wa kilohezi 19 usiousikia, lakini unaivuruga Dolby. Pima kiwango kwa muziki, halafu angalia mtangazaji akiingia. Matangazo ya biashara mara nyingi huwa na kishindo kuliko muziki.

Ukirekodi mtu akizungumza

Tumia maikrofoni ya nje, hata ya bei ndogo. Maikrofoni iliyomo ndani ya redio kaseti huchukua mngurumo wa mota yake yenyewe. Iweke kwenye stendi au juu ya kitambaa kilichokunjwa, upana wa kiganja kutoka mdomoni na kidogo pembeni, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Zima feni na friji. Ukimrekodi mzee, mwache kwanza azungumze mambo ya kawaida ukipima. Wazee wengi huanza kwa sauti ya chini, wakikolea hadithi wanapaza. Acha nafasi kwenye kipimo kwa ajili ya huko mbele.

Matatizo na dawa zake

*REC haibonyezeki.* Kidole cha ulinzi kimevunjwa. Ziba kwa selotepu. Kama vidole vipo, usilazimishe kitufe. Kijiti kinachopapasa kidole ndani ya deki kimekwama, kisukume taratibu uone kama kinarudi.

*Mishale haichezi.* Simu haitoi sauti, waya uko LINE OUT badala ya LINE IN, au swichi ya kuchagua LINE na MIC iko upande usio wake.

*Sauti ya zamani inasikika chini ya mpya.* Hedi ya kufuta ni chafu. Isafishe. Kama kaseti ni ya metali na deki si ya metali, badilisha kaseti.

*Upande mmoja hausikiki.* Badilisha pini nyekundu na nyeupe kwenye LINE IN. Tatizo likihamia spika ya pili, ubovu uko kwenye waya au simu. Lisipohama, safisha hedi tena, halafu fikiria fundi.

*Sauti imezibwa, haina makali.* Hedi chafu mara nyingi. Kisha angalia kama unapigia Dolby kaseti isiyorekodiwa nayo. Kama kaseti ulizorekodi mwenyewe ni nzuri na za watu wengine zote zimezibwa, hedi yako imekaa mshazari. Kuna skrubu ndogo pembeni mwake, yenye springi. Ikizungushwa kidogo sana, sauti hufunguka. Mwachie fundi, maana ukiizungusha, kaseti zako zote za nyuma zitabadilika.

*Mvumo mzito usiokatika.* Umeme unaingia kupitia waya. Chomoa chaja ya simu au ya kompyuta urekodi kwa betri. Tenganisha waya wa sauti na waya za umeme.

*Sauti inayumba au mwendo umepungua.* Roli chafu, au mkanda wa mpira unaozungusha mashine umelegea. Deki iliyokaa bila kutumika miaka mingi karibu kila mara itahitaji mkanda mpya, na si kazi ghali.

*Kaseti imeliwa.* Bonyeza STOP, zima, chomoa umeme. Usiivute kaseti. Fungua mlango, tafuta mahali utepe ulipojizungusha, mara nyingi ni kwenye roli, uuondoe pole pole kwa kidole safi, kitanzi kimoja kimoja. Ukitoka, urudishe ndani kwa kalamu huku ukiangalia usijipinde. Upande unaong'aa ukitofautiana na ulivyokuwa, umepinduka. Sehemu iliyokunjamana itakuwa na kasoro, lakini kaseti nyingine yote ni nzima. Usiweke kaseti nyingine kwenye deki hiyo kabla ya kusafisha roli na kuona kama gurudumu la kulia linazunguka kwa nguvu PLAY ikiwa imebonyezwa.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mpelekee kaseti mbili pamoja na deki: moja ya kununua unayoijua vizuri, na moja uliyorekodi kwa deki hiyo hiyo. Kwa kuzilinganisha atajua upesi kama ubovu uko kwenye kusoma au kwenye kurekodi.